Pistoni Ndogo Kuliko ya Bodaboda

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja jioni mbele ya wanafunzi wa ufundi na vijana wa bodaboda, ndani ya karakana moja ya Tanga, pikipiki yenyewe ikiwa imesimama kwenye stendi yake kubwa mbele yetu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza mahali nilipojirudia.

Wazee wangu shikamooni. Vijana hamjambo.

Kabla sijafungua mdomo sana, naomba mmoja wenu achukue hivi vitu viwili hapa mezani avipitishe mkono kwa mkono. Ni pistoni mbili zilizokwisha kazi. Moja imetoka kwenye bodaboda, zile injini za fimbo za cc 125 ambazo kila mmoja wenu ameshazifungua. Nyingine imetoka kwenye hii nyekundu hapa mbele. Nilizitoa nilipoifungua injini nikaweka mpya. Msiniulize ipi ni ipi, angalieni tu kwa macho yenu. Ipi kubwa?

Eeh. Ile kubwa ndiyo ya bodaboda. Upana wake ni milimita 56 na nusu. Hii ndogo, milimita 51, ndiyo ya pikipiki ambayo mmekuwa mkiizunguka tangu saa tisa mkiulizana inakimbia kiasi gani. Pistoni zake ni ndogo kuliko za kwenu. Siri ni kwamba ziko nne.

Hii ni Honda CB400F, ubavuni imeandikwa 400 Four. Ilitengenezwa kuanzia 1975 hadi 1977, basi. Miaka mitatu tu. Mwenye nayo ameniazima kwa leo na ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu akitajwa, kesho mtakuwa mlangoni kwake kumi na tano. Injini ni cc 408. Gawanyeni kwa nne mtapata cc 102 kila silinda, yaani kila chumba cha pistoni, pungufu ya pikipiki ya mwalimu wa shule ya msingi. Lakini zikikubaliana zote nne, zinatoa nguvu ya farasi 37 kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika, na mstari mwekundu wa saa ya mizunguko uko kwenye 10,000. Nimesema zikikubaliana. Neno hilo ndilo lililonileta hapa leo, maana mengine yote mnaweza kuyasoma kwenye simu zenu.

Swali la kwanza ambalo fundi yeyote mwenye akili angeuliza ni hili: kwa nini mtu ajitese? Silinda moja kubwa ya cc 400 ina kabureta moja ya kuchanganya petroli na hewa, plagi moja ya kuwasha, vali mbili za kuingiza hewa na kutoa moshi, mambo yamekwisha. Waingereza walitengeneza za namna hiyo miaka mingi na zilipanda milima vizuri tu. Jibu liko kwenye safari ya pistoni. Kila mzunguko mmoja pistoni inapanda na kushuka, na kila ikifika juu inasimama, inageuza, inarudi. Katika hii CB400F safari ya kwenda juu ni milimita 50. Kwenye mizunguko 8,500, ukipiga hesabu ya wastani, pistoni inakwenda mita 14 hivi kwa sekunde. Sasa chukua cc 408 hizo hizo uziweke ndani ya silinda moja yenye upana sawa na safari yake. Safari itakuwa milimita 80. Uizungushe mizunguko ile ile 8,500, na pistoni itabidi ikimbie karibu mita 23 kwa sekunde, nayo ni pistoni nzito, mkono wake mzito, na kila mara isimame na kugeuza. Itajitupa nje ya injini kabla hujafika Muheza. Kwa hiyo ukitaka nguvu kutoka kwenye ujazo mdogo unahitaji mizunguko mingi, na ukitaka mizunguko mingi unahitaji pistoni ndogo zenye safari fupi. Na pistoni ikiwa ndogo, inabidi ziwe nyingi.

Honda hawakuliwaza hili wakiwa wamekaa ofisini. Walilijua kwenye mashindano. Soichiro Honda alianzisha kampuni yake mwaka 1948, na kufika 1959 alikuwa tayari amepeleka timu kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, kule kati ya Uingereza na Ireland, watu wakiwatazama Wajapani hawa kama wageni waliopotea njia. Mwaka 1961 Mike Hailwood alishinda huko akiwa juu ya Honda, kwenye daraja la 125 na la 250. Wakaendelea kugawa. Cc 250 wakaigawa silinda sita. Cc 125, nasema mia moja na ishirini na tano, ujazo wa bodaboda yako, wakaigawa silinda tano, na mwaka 1966 Luigi Taveri akachukua nayo ubingwa wa dunia. Silinda tano ndani ya cc 125! Kila pistoni ukiishika unadhani ni kizibo cha chupa. Ule mlio wake mzee mmoja aliniambia alipousikia kwenye kanda alidhani kanda imeharibika.

Baada ya msimu wa 1967 walijitoa mashindanoni, na mwaka 1968, kwenye maonyesho ya Tokyo, wakaweka mezani pikipiki ya barabarani ya silinda nne, CB750, yenye breki ya diski mbele. Ikaanza kuuzwa 1969. Hadithi yake inajulikana dunia nzima na sitaipoteza jioni yetu nayo. Mimi nawapenda wadogo zake. Mwaka 1971 ikaja CB500, silinda nne, nyepesi zaidi, ambayo oili yake inakaa chini ya injini yenyewe badala ya kukaa kwenye tangi la pembeni kama ile kubwa. Injini hii ya 500 ilikuwa nzuri kiasi kwamba Benelli wa Italia waliitazama kwa karibu mno. Pikipiki yao ya silinda sita, ile 750 Sei, upana wa silinda ni milimita 56 na safari ni 50.6. Namba hizo ndizo za CB500, bila kupungua wala kuzidi. Wameongeza silinda mbili tu. Kwa hiyo vijana, mkisikia mtu anawacheka Wachina kwa kunakili, mwambieni hata Mzungu aliwahi kuchungulia daftari la Mjapani.

Baada ya 500 wakashuka tena hadi 350. CB350F, ya mwaka 1972, silinda nne za cc 347, bomba nne za moshi, mbili kila upande. Ilikuwa laini kama cherehani lakini nzito kwa nguvu iliyokuwa nayo, na pikipiki nyingine ya Honda hao hao, ya silinda mbili, bei nafuu, ilikuwa inakimbizana nayo bila shida. Haikuuzika walivyotarajia. Hapo ndipo ilipozaliwa hii. Wakaichukua injini ya 350, safari ya pistoni wakaiacha kwenye milimita 50 na upana wakaupanua kutoka 47 hadi 51. Gia zikatoka tano zikawa sita. Usukani wakaulaza chini, sehemu za kuweka miguu wakazirudisha nyuma, dereva akainama kidogo kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Na bomba nne wakazikusanya kuwa moja.

Njooni muone hapa. Wa nyuma wasogee.

Bomba zinatoka kwenye silinda mbele ya injini, halafu badala ya kushuka moja kwa moja, zote nne zinapinda kwenda kulia, zimelala sambamba kama vidole, zinaingia chini ya injini, zinakutana, na moshi unatoka kwa bomba moja tu upande wa kulia. Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na tisa na sijaona bomba la moshi zuri kuliko hili. Huo ni mtazamo wangu, mwenye wake auseme baadaye. Lakini halikuwekwa kwa uzuri tu. Bomba moja ni jepesi kuliko manne na ni rahisi kulitengeneza. Halafu kuna faida nyingine: moshi wa silinda moja ukitoka kwa kasi unaacha nyuma yake upungufu wa hewa, na ukifika pale pa kukutana unasaidia kuuvuta moshi wa silinda inayofuata. Jirani anamsaidia jirani kutoa takataka.

Sasa tuingie ndani. Ukikaa juu ya pikipiki, silinda ya kwanza iko mkono wa kushoto, ya nne mkono wa kulia. Pistoni ya 1 na ya 4 zinapanda pamoja. Ya 2 na ya 3 zinapanda pamoja. Wawili juu, wawili chini, kwa hiyo uzito wa hawa unaufuta uzito wa wale, na injini haikurushirushi kama silinda moja. Unabaki mtetemo mdogo wa haraka haraka, unausikia viganjani ukipita mizunguko 6,000. Kila nusu mzunguko silinda moja inawaka, kwa mpangilio wa 1, 2, 4, 3. Andikeni hiyo, tutaihitaji.

Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kwenye beringi za maganda, tano, kama za gari, wala si za gololi kama kwenye bodaboda. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu kuna mtu ataua injini siku moja kwa kutolijua hili. Beringi ya gololi ikikosa oili kwa dakika chache italalamika, lakini itakufikisha nyumbani. Ganda halilalamiki. Kranki inaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu, na utando ukikatika, chuma kinakula chuma pale pale. Mnavyofanya, oili kubadilishwa mtu akipata hela, hapa haiwezekani. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya daraja.

Kutoka kwenye kranki nguvu inakwenda klachi kwa cheni pana ya meno, iliyofichwa ndani, siyo ya rola kama ile ya nje. Katikati, kati ya silinda ya 2 na ya 3, inapanda cheni nyingine kwenda kuzungusha kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, moja tu, juu ya vali nane. Mwisho wa kulia wa kranki, chini ya kifuniko hiki cha mviringo, ziko platini zinazoamuru moto wa plagi. Mwisho wa kushoto ndiko umeme wa kuchajia betri unakotengenezwa. Nje mbele, katikati ya hizi bomba, iko filta ya oili ndani ya kikombe chake, na kikombe kimeshikwa na boliti moja yenye kichwa cha 12. Mnacheka, kumbe mmeshaelewa. Kichwa kidogo, mahali pa joto, bomba zinazuia mkono. Boliti hizi zimeviringwa vichwa na mafundi wa kila taifa. Tumieni spana ya boksi ya pembe sita, na msiikaze kama mnafunga mlango wa benki.

Nataka kuwasimulia jambo ambalo huwa linanichekesha. Wakati ule ule ambapo Honda walikuwa wanatoa pikipiki hii, kwenye meza nyingine ya nyumba ile ile walikuwa wanachora pikipiki iliyo kinyume chake kabisa. Wahandisi walikuwa wamekwenda kutazama jinsi watu wa nchi zetu hizi za joto wanavyotumia pikipiki: mizigo juu ya mizigo, vumbi, oili nyeusi kama lami, cheni ya kamshafti haikumbukwi mpaka ipige kelele. Wakarudi wakasema, basi, tuitoe cheni hiyo kabisa. Wakatengeneza injini ambayo kamshafti iko chini karibu na kranki, inazungushwa na gia, na vali zinasukumwa kwa fimbo. Silinda moja, cc 124. Ikatoka 1976 kwa jina la CG125. Mnaijua. Ndiyo mama wa injini za fimbo ambazo viwanda vya China vimeziiga mpaka leo, na nusu ya pikipiki zilizoegeshwa hapo nje ni wajukuu zake.

Kwa hiyo kipindi kimoja, kampuni moja, injini mbili. Moja ilichorwa kwa mtu ambaye hataitunza. Nyingine, hii, ilichorwa kwa mtu ambaye ataitunza kwa jambo lisilozidi unene wa unywele. Nyinyi mmelelewa na ile ya kwanza. Si kosa lenu, mimi pia. Lakini mkiletewa hii na mazoea ya ile, mtaumbuka kama nilivyoumbuka.

Niliumbukaje? Pikipiki hii ililetwa kwangu ikiwaka lakini haitulii. Inanguruma, inashuka, inapanda yenyewe, inakohoa kwenye kabureta. Nikasikia inakohoa kwenye kabureta, nikasema ugonjwa ni kabureta. Ziko nne, ndogo, za Keihin, mlango wa kila moja ni milimita 20. Nikazishusha, nikaziosha, nikazirudisha, nikafunga geji nne za mvuto wa hewa na kuanza kuzilinganisha. Nikiilinganisha ya 1 na ya 2, ya 3 inaondoka. Nikiirudisha ya 3, ya 4 inanuna. Siku tatu. Nilishinda pale nikizungusha bisibisi robo huku, robo kule, mpaka mke wangu akaniletea chakula karakana akidhani nimegombana na mtu. Siku ya nne nikaacha, nikafungua vifuniko vya vali. Vali mbili za moshi hazikuwa na uwazi wowote. Zilikuwa hazifungi. Nilikuwa nalinganisha kabureta za silinda ambazo zenyewe hazilingani.

Kwa hiyo sikilizeni utaratibu, na usiupindue. Vali kwanza. Moto pili. Kabureta mwisho.

Vali zipimwe injini ikiwa baridi, maana yake imelala usiku mzima, siyo imepumzika wakati unakunywa chai. Uwazi ni milimita 0.05 kwa vali zote nane, za kuingiza na za kutoa. Hamsini ya elfu. Unywele wa kichwa chako unaweza ukawa mnene kuliko hapo. Fungua kifuniko cha platini, zungusha kranki kwa spana, taratibu, mpaka alama ya T ya 1.4 ilingane na mstari. Hapo pistoni ya 1 na ya 4 ziko juu. Lakini ipi inabana hewa na petroli tayari kuwaka? Shika vidole vya vali vya silinda ya 1. Vikicheza vyote viwili, basi ya 1 ndiyo inabana, na ya 4 iko kwenye kupokezana, vali zake zote zimeguswa. Rekebisha zote mbili za silinda ya 1.

Na hapo hapo, bila kuzungusha chochote, unaweza kumaliza mbili zaidi. Mliandika mpangilio? 1, 2, 4, 3. Ya 2 ndiyo inayofuata kuwaka, kwa hiyo sasa hivi iko chini, imetoka kuvuta hewa, inaanza kubana. Vali yake ya kutoa moshi haina kazi, iko huru. Irekebishe. Ya 3 imetangulia kuwaka, iko chini, inajiandaa kutoa moshi. Vali yake ya kuingiza haina kazi. Irekebishe. Tayari nne. Zungusha mzunguko mmoja kamili, sasa ya 4 ndiyo inabana, nawe unamaliza nne zilizobaki kwa hesabu ile ile. Fundi anayeelewa mpangilio wa kuwaka hana haja ya kukariri jedwali.

Moto. Nyinyi mmezoea CDI, kiboksi kile cha umeme kinachoamuru moto wa plagi, kikifa mnanunua kingine. Hapa kuna platini mbili, vile vidomo vinavyogusana na kuachana, na koili mbili. Platini moja na koili moja ni za silinda 1 na 4, nyingine ni za 2 na 3. Kila koili inatoa nyaya mbili, na inarusha moto kwenye plagi mbili kwa wakati mmoja. Moja inawasha petroli. Nyingine inarusha moto kwenye moshi unaotoka, hauna faida, hauna hasara. Uwazi wa platini ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ukishauweka, chukua taa ndogo ya majaribio, funga waya mmoja kwenye platini na mwingine kwenye chuma cha injini, washa swichi. Zungusha kranki polepole. Taa iwake pale pale alama ya F inapofika kwenye mstari. Isiwahi, isichelewe. Anza na 1.4, kisha 2.3, kwa sababu bamba la kwanza limebeba la pili, na ukianza na la pili utarudia.

Sasa ndiyo uje kwenye kabureta. Geji nne, kila moja kwenye silinda yake, injini iwe imepata moto, na sindano zote nne zisimame pamoja. Ukiwa umeweka vali na moto sawasawa, kazi hii ni nusu saa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walisema, lakini humu wanakaa wanne, alimradi hakuna anayekula zaidi ya mwenzake.

Na mkiletewa pikipiki ya namna hii imekosa silinda moja, msianze kufungua. Washeni, subirini nusu dakika, loweka kidole maji, dondoshea kila bomba karibu na injini. Bomba la moto litachemka tssss. Bomba lililopoa ndilo lenye mgonjwa. Likipoa moja, kwa mfano la 2 peke yake, tazama plagi, kofia ya plagi, jeti ndogo ya kabureta ile iliyozibwa na petroli iliyooza, au vali. Yakipoa mawili, ya 1 na ya 4 pamoja, usiguse kabureta. Kabureta mbili haziugui siku moja kwa mpangilio mzuri hivyo. Nenda kwenye platini yao au koili yao. Yakipoa la 1 na la 2, hao hawana koili moja, kwa hiyo una magonjwa mawili tofauti, pole.

Udhaifu wake ninao mwingi wa kuwaambia, nitaje mitatu. Kikaza-cheni cha kamshafti hukwama. Unalegeza nati yake ukitegemea springi isukume, kumbe imeganda, cheni inabaki legelege na injini inalia kama sufuria la vijiko. Breki ya mbele imening'inia kwenye mkono wenye egemeo, na egemeo likiingia kutu, pedi moja inakula diski peke yake. Hapa Tanga, na chumvi hii ya bahari, lipakeni grisi kila mara. Na hizi bomba nzuri nilizozisifia huoza kwa chini, mahali zinapokutana, mahali ambapo mwenye pikipiki haoni. Kumpata mwenye bomba la asili ambalo halijatobolewa ni kazi.

Kwa nini waliacha kuitengeneza? Fedha. Kuitengeneza silinda nne ndogo kunagharimu karibu sawa na kutengeneza silinda nne kubwa, hesabu ya vali haipungui kwa sababu pistoni ni ndogo, ila mnunuzi wa 400 hataki kulipa bei ya 750. Na kwao Japani kukatokea jambo la leseni. Mwaka 1975 sheria iliweka mpaka kwenye cc 400: aliyezidi hapo alihitaji leseni ya pikipiki kubwa, na mtihani wake ulikuwa mgumu. Na hii ilikuwa 408! Cc nane. Mwaka uliofuata wakafupisha safari ya pistoni kidogo, kutoka 50 hadi 48.8, ikawa 398, wakaiuza hivyo nyumbani na 408 wakaipeleka nje. Haikusaidia muda mrefu. Mwaka 1977 ikafungiwa, nafasi yake ikachukuliwa na pikipiki ya silinda mbili ya cc 395, nafuu kuitengeneza na kwa kweli si mbaya. Kisha 1979 Kawasaki wakatoa Z400FX, silinda nne, kamshafti mbili, vijana wa Japani wakaigombea, na Honda wakajikuta wameuacha mlango wazi. Walirudi na silinda nne nyingine 1981, lakini bomba zake hazikupindwa namna hii.

Mmenisikiliza sana. Maswali yako mengi, naona mikono, lakini jua linazama na mwenye pikipiki ameshaangalia saa yake mara mbili. Tufanye hivi: iwashwe kwanza, maswali tutauliza ikiwa inaunguruma. Kabla hamjafika nimechomoa kofia moja ya plagi, siwaambii ipi. Wewe mwenye fulana ya kijani, kuna kopo la maji pale chini ya meza. Loweka kidole, uje utuambie silinda ya ngapi.